UNGA MMOJA, MAUMBO MENGI: IJUE SUMU YA LINDENI

Je, kijana mwenzetu, chawa au kunguni wakivamia bweni unafanyaje? Wengine hukimbilia unga wa kuulia wadudu wa shambani na kujipaka kichwani, eti dawa kali ndiyo dawa. Subiri kwanza! Hebu tuitumie kemia yako ya darasani.

Chukua atomi sita za kaboni zilizoshikana kwa mduara. Mduara huo haulali bapa kama chapati. Umejikunja mfano wa kiti cha kuegemea. Kila kaboni ina nafasi mbili: moja imesimama wima, juu au chini, na nyingine imetokeza ubavuni. Ukipitisha klorini kwenye benzini chini ya mwanga mkali, kila kaboni hubaki na klorini moja na hidrojeni moja. Hiyo ndiyo HCH, aliyoitengeneza Michael Faraday wa Uingereza mwaka 1825.

Fomula ni ileile, C6H6Cl6, lakini klorini hukaa kwa mitindo tofauti. Maumbo hayo huitwa isoma. Isoma ya gama ina klorini tatu za wima na tatu za ubavuni. Hiyo ndiyo lindeni, muuaji wa wadudu. Katika isoma ya beta zote sita ziko ubavuni, hazibanani, kwa hiyo imetulia mno. Mwili hushindwa kuivunja upesi; hujificha kwenye mafuta ya mwili na kutoka hata katika maziwa ya mama. Kwenye mchanganyiko wa kiwandani, gama ni kama asilimia 10 hadi 15 tu.

Lindeni huziba milango inayotuliza mishipa ya fahamu. Mdudu hutetemeka mpaka anakufa. Tatizo ni kwamba na wewe unayo milango hiyo! Matokeo yake ni kutapika, kutetemeka na degedege. Mwaka 2015 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliiweka kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani. Mkataba wa Stockholm, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2004, uliipiga marufuku lindeni pamoja na alfa na beta mwaka 2009.

Usidhani haya ni ya Ulaya tu. Mwaka 1986 shamba la Vikuge, Kibaha, lilipokea tani 170 za viuatilifu vya msaada, vingine vimeshapitwa na muda. Banda likaanguka, na miaka mingi baadaye watafiti bado walikuta DDT na HCH kwenye udongo.

Sasa wewe wa Dodoma, Kongwa au Mpwapwa ufanye nini?

• Chawa au upele: nenda zahanati upate dawa ya binadamu. Chemsha nguo, anika matandiko juani.

• Mtama na uwele wa nyumbani: ukaushe vizuri, utie kwenye mifuko isiyopitisha hewa. Unga usio na lebo usiuguse.

• Mtu akipata sumu hii: mvue nguo, muoshe kwa sabuni, umkimbize hospitali pamoja na kopo la dawa. Usimtapishe, na usimpe maziwa wala mafuta! Watu husema maziwa huua sumu, kumbe mafuta yake huisaidia sumu hii kuingia mwilini.

Mwambie na mwenzako wa kitanda cha juu.