Nyigu Asiye na Mume, Mti Usio na Mbegu

Ukipita kwenye kitalu cha miche kando ya barabara ya Rongo kuelekea Homa Bay, chagua mche wa mkaratusi ulio kwenye kiriba, ushike jani changa, upitishe kidole juu ya mshipa wake wa katikati. Jani zima huteleza. Jani lililovamiwa lina vinundu vilivyopangana kama punje za mtama chini ya ngozi, vya kijani mwanzoni, kisha vya waridi.

Ndani ya vinundu hivyo mna mabuu ya nyigu aitwaye Leptocybe invasa. Mdudu mzima hafiki urefu wa milimita moja na nusu. Kwao ni Australia, sawa na mkaratusi wenyewe. Mwaka 2000 alionekana katika nchi za Mediterania, na kufikia 2002 alikuwa magharibi mwa Kenya. Karibu wote ni majike, na jike hutaga mayai yenye uhai bila kukutana na dume. Mche uliolemewa hujikunja ncha na kudumaa.

Mkaratusi uliletwa Kenya mwaka 1902 ili kuni zake ziendeshe garimoshi. Leo Migori inauchoma kukaushia tumbaku, na popote unapopandwa hutoa fito na nguzo. Mwaka 1997 ikaletwa miti chotara kutoka Afrika Kusini, ikazalishwa Karura, Nairobi. Mzazi mmoja, grandis, hukua haraka na kunyooka ila hupenda mvua; mwenzake, camaldulensis, huvumilia ukame. Watoto wao hawapandwi kwa mbegu, maana mbegu huchanganya upya sifa za wazazi. Hukatwa vipandikizi, kila mti ukawa nakala ya mwenzake. Nakala za mti mmoja huitwa kloni.

Tatizo ni kwamba camaldulensis ni miongoni mwa mikaratusi inayopendwa mno na nyigu huyu. Aliyerithi uvumilivu alirithi na udhaifu. Hata hivyo, ndugu wa tumbo moja hawafanani: katika mashamba ya majaribio, kloni moja huvimba majani yote huku jirani yake ikibaki karibu safi. Hali ya hewa nayo ina neno. Uchunguzi uliofanywa Uganda ulionyesha kuwa nyigu huzidi maeneo ya chini yenye joto, na mwambao wa ziwa huko Homa Bay ni wa namna hiyo.

Ulaya wamepitia haya kwa miti ya elmi iliyopamba barabara za miji yao. Ukungu unaobebwa na mbawakawa ulipoanza kuiua, Waholanzi walianza mwaka 1928 kutafuta aina sugu. Chotara wao Commelin, aliyetolewa 1960, alishindwa pale ukungu mkali zaidi ulipoingia. Mti huwa sugu dhidi ya adui aliyejaribiwa naye; wa kesho haumjui.

Kwa hiyo barabara nzima, au shamba zima, la kloni moja ni mlango mmoja wenye kufuli moja. Changanya kloni tatu au nne. Wanunuzi wengi kitaluni huuliza bei, kisha miaka ya kuvuna. Kloni za chotara hawa huitwa GC, kwa herufi za kwanza za grandis na camaldulensis, na kila moja ina nambari yake. Ongeza swali la tatu: “Hii ni GC nambari ngapi?” Muuzaji asipojua, rudi kwenye jani, kidole kikuambie.