Mchango, Takrima au Rushwa? Istilahi za Ushawishi wa Kampuni katika Siasa na Sera za Afya

Ikisiri
Makala haya yanafafanua jinsi msamiati wa Kiswahili unavyoathiri mjadala kuhusu fedha ambazo kampuni hutoa kwa vyama, wagombea na watumishi wa afya. Yanaonesha kuwa maneno mchango, takrima na ufadhili humsifu mtoaji, ilhali rushwa humshtaki. Kati ya sifa na mashtaka hakuna istilahi ya kisera iliyokwisha kukubalika. Makala yanapendekeza istilahi utoaji wa manufaa.

1. Utangulizi
Chini ya kilima cha Kiriri, yalipo majengo ya Chuo Kikuu cha Burundi, imo mitaa ya Buyenzi na Bwiza, ambako Kiswahili ni lugha ya nyumbani na ya sokoni. Huko neno mchango halimtii mtu shaka: ni fedha za harusi, za msiba, au za matibabu ya jirani. Neno hilohilo hutumika pia kwa fedha ambazo kampuni humpa mgombea, au kwa vitanda ambavyo muuza dawa huipa hospitali wakati zabuni yake inasubiri uamuzi. Hoja ya makala haya ni kwamba matumizi hayo mapana si suala la mtindo tu. Yanaamua ni fedha zipi zitahojiwa na zipi zitapokewa kwa makofi.

2. Mchango na masharti yake
Kitenzi changa kina masharti matatu katika matumizi ya kawaida: watoaji ni wengi, shughuli ni ya wote, na daftari la majina liko wazi. Fedha za kampuni kwa mwanasiasa hugeuza masharti yote matatu: mtoaji ni mmoja, shughuli yaweza kuwa yake mwenyewe, na daftari mara nyingi halionekani.

Burundi inatupa mfano wa kulinganisha. Agizo la Desemba 2017 liliweka mchango wa uchaguzi wa 2020, kwa Kirundi intererano, wa faranga 2000 kwa mwaka kwa kaya zisizo na mshahara. Kiwango kilitangazwa na risiti zikatolewa. Ukusanyaji wake ulilalamikiwa na watetezi wa haki za binadamu kuwa wa shuruti, na ulisitishwa mwaka 2019. Hata hivyo, mchango wa kaya maskini ulikuwa na kiwango na risiti. Ni haki kuuliza kwa nini mchango wa kampuni usiwe navyo.

3. Takrima mbele ya mahakama
Tanzania imewahi kuona neno likishtakiwa. Marekebisho ya Sheria ya Uchaguzi ya mwaka 2000 yaliruhusu takrima, yaani ukarimu wa jadi wa mgombea kwa wapiga kura. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ilitamka kuwa vifungu hivyo vinapingana na Katiba, kwa kuwa vilimbagua mgombea asiye na mali. Neno lenye asili ya heshima kwa mgeni lilikuwa limegeuzwa kuwa kinga ya kisheria. Sheria ya Gharama za Uchaguzi ya 2010 ikafuata, ikidai michango ifichuliwe.

Kenya nayo ilitunga sheria ya ufadhili wa kampeni mwaka 2013, ikiweka ukomo kwamba chanzo kimoja kisizidi asilimia 20 ya michango yote. Chaguzi za 2017 na 2022 zilipita bila ukomo huo kutekelezwa.

4. Ushawishi katika afya
Mwezi Novemba 2015, kipindi cha Panorama cha BBC kilidai kwamba fedha zilizohusishwa na British American Tobacco zililipwa kwa watu wa Burundi, Komoro na Rwanda waliohusika na Mkataba wa Shirika la Afya Duniani wa Kudhibiti Tumbaku. Kampuni ilikana kutenda kosa. Mwaka 2017 mamlaka ya Uingereza inayoshughulikia udanganyifu mkubwa ilithibitisha kuwa inachunguza. Januari 2021 ikafunga uchunguzi kwa kuwa ushahidi haukutosha kufungua mashtaka.

Kisa hiki kinafunza jambo la kiistilahi. Kwa kutumia neno rushwa peke yake, mjadala hufungwa pamoja na jalada la mpelelezi. Lakini swali la sera ya afya ni pana kuliko swali la jinai. Ibara ya 5.3 ya mkataba huo inazitaka nchi zilinde sera zao dhidi ya maslahi ya kibiashara ya sekta ya tumbaku. Miongozo yake ya 2008 inazungumzia hata michango kwa vyama na wagombea: ipigwe marufuku, au ifichuliwe kikamilifu. Hapo hakuna haja ya kuthibitisha nia ovu. Yatosha kujua nani alimpa nani.

5. Pendekezo
Marekani, ambako kampuni zina uhuru mpana wa kugharimia siasa, sheria ya 2010 iliwalazimisha watengenezaji wa dawa na vifaa tiba kuripoti wanachowapa madaktari: ada, chakula, safari. Taarifa zilianza kuwekwa hadharani Septemba 2014. Sheria hiyo haimwiti daktari mla rushwa. Inauliza tu kama kitu chenye thamani kilihama.

Tunapendekeza Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki na wizara za afya zizingatie istilahi utoaji wa manufaa: fedha, kitu, huduma, safari au mafunzo yanayotoka kwa mwenye maslahi kwenda kwa mwenye uamuzi. Kila tukio lisajiliwe kwa maswali manne: nani ametoa, nani amepokea, nini kimetolewa, na uamuzi gani unasubiriwa.

6. Hitimisho
Wahenga walisema mkono mtupu haulambwi. Istilahi haizuii mkono kulambwa, lakini inaweza kuwaonesha wananchi ni mkono wa nani na una nini. Mchango ubaki kwa harusi na msiba, ambako unastahili jina lake. Fedha zinazoelekezwa kwenye maamuzi ya dawa, zabuni na sheria za afya zipewe jina linalotaka maelezo.