Kasuku, sungura au chinchila? Mpwa wangu alivyonipa kazi mpakani

MWAKA 2018 dada yangu na familia yake walirejea Gisenyi baada ya kuishi Brussels, Ubelgiji, kwa zaidi ya miaka kumi. Walikuja na masanduku sita, televisheni moja na mtoto wa miaka tisa aliyekuwa akilia.

Hakuwa akililia shule wala marafiki. Alikuwa akimlilia chinchila wake aliyeachwa kwa jirani.

Nakiri kwamba hadi siku ile sikuwa nimewahi kulisikia jina hilo. Mpwa wangu akanionyesha picha kwenye simu ya mama yake: mnyama mdogo kuliko sungura, masikio mapana, mkia wa manyoya kama kindi.

"Mjomba, wewe unavuka mpaka kila siku, unajua watu wote," akaniambia. "Nitafutie mwingine."

Ndivyo nilivyojikuta, mtu mzima mwenye biashara yangu ya vitenge, nikiulizia panya wa Kizungu kati ya Gisenyi na Goma. Watu walinicheka sana.

Baadaye nilijifunza kwamba si wa Kizungu hata kidogo. Asili yake ni milima ya Andes, Amerika ya Kusini, kwenye baridi na ukavu. Manyoya yake ni mazito mno. Katika kitundu kimoja cha ngozi hutoka nywele zaidi ya 50. Hayo manyoya ndiyo yaliyomponza. Alisakwa kwa ajili ya makoti ya matajiri hadi akakaribia kutoweka porini. Mwaka 1923 Mmarekani mmoja, Mathias Chapman, alichukua chinchila 11 na kuwapeleka California kufugwa, na wengi wanaofugwa Marekani leo wanatokana na hao.

Mnyama huyu haoshwi kwa maji kwa sababu manyoya hayakauki upesi. Hujigaragaza katika vumbi laini, na kwao Andes vumbi hilo ni majivu ya volkano. Hapo na mimi nilicheka. Sisi tunaoishi chini ya Nyiragongo vumbi la volkano tunalala nalo na kuamka nalo.

Lakini vumbi peke yake halifugi mnyama. Joto likipita nyuzi 25 chinchila huanza kuwa hatarini, na jua letu la kiangazi hufika hapo. Meno yake hukua maisha yake yote, kwa hiyo lazima apate majani makavu ya kutafuna kila siku, la sivyo yatazidi urefu na kumzuia kula. Daktari wa mifugo niliyemuuliza aliniambia kwamba ng'ombe anamjua, mbuzi anamjua, lakini huyo hajawahi kumshika hata siku moja. Wa kuuzwa sikumpata, si Gisenyi wala Goma.

Habari zikaenea kwamba natafuta mnyama wa mtoto. Wiki ya pili, nikiwa kwenye foleni ya Petite Barrière, kijana mmoja akanivuta pembeni. Alikuwa na kapu lililofunikwa kwa kitenge.

"Papa, huyu anasema hata Kifaransa," akasema, akafunua kidogo.

Alikuwa kasuku wa kijivu, mwenye mkia mwekundu. Alikuwa ndege mzuri, nisiseme uongo. Bei aliyotaja ilikuwa sawa na mbuzi wawili, nami nilishaanza kuhesabu noti mfukoni. Nilimwona mpwa wangu akicheka.

Kisha nikamtazama vizuri yule ndege. Kifuani alikuwa hana manyoya, ngozi tupu kama kuku aliyenyonyolewa. Nikamuuliza kijana, akasema ni joto la safari. Si kweli. Kasuku huishi kwa makundi, na akifungiwa peke yake kwa hofu na upweke hujinyonyoa mwenyewe.

Wengi wetu tunaofanya biashara mpakani tunajua wanavyokamatwa, ila hatupendi kulisema. Mtegaji hupaka ulimbo kwenye matawi, huweka kasuku aliyekwisha kamatwa aite wenzake, na wenzake wakija hunasa. Wengi hufa kabla ya kufika sokoni. Ndiyo maana tangu Januari 2, 2017, kasuku huyu amewekwa katika daraja la juu la ulinzi la mkataba wa CITES, na biashara ya kimataifa ya kasuku waliokamatwa porini imepigwa marufuku. Ukikutwa unamvusha ndani ya kapu utapoteza ndege na fedha, na huenda ukalala ndani.

Kilichonizuia hata hivyo hakikuwa sheria. Nilikumbuka nilipokuwa mdogo, mzee mmoja wa mtaani kwetu alikuwa na umusambi bustanini, yule korongo mwenye taji la dhahabu kichwani. Alimkata manyoya ya bawa ili asiruke. Wageni walimsifu, ndege akatembea huku na huko kando ya ukuta miaka na miaka, peke yake, hakuwahi kutaga. Wakati ule ilikuwa fahari ya nyumba nyingi na hoteli. Mwaka 2014 daktari wa wanyama Olivier Nsengimana alianza kampeni ya kuwatoa korongo hao majumbani. Wenye nguvu walipelekwa Akagera wakajifunze upya kuishi porini. Waliovunjika mabawa wasiweze kuruka tena wamewekewa makazi Kigali, mahali paitwapo Umusambi Village.

Nikarudisha noti mfukoni.

"Papa, usipomchukua wewe atamchukua mwingine," kijana akasema. Alisema kweli. Sijui yule ndege aliishia kwa nani, na mara nyingine bado namfikiria.

Kuna hesabu nyingine niliyoifanya njiani nikirudi. Kasuku aliyetunzwa anaweza kufikisha miaka 40 na zaidi. Mtoto yule alikwisha kuachanishwa na mnyama mmoja kwa sababu wazazi wamehama. Sisi watu wa kurudi na kuondoka tena, nani anajua kesho tutakuwa upande gani wa mpaka? Kasuku asiye na hati havuki na mtu. Anayetaka ndege afuge njiwa. Huyo anatoka asubuhi, jioni anarudi mwenyewe.

Nikanunua sungura wawili, wote majike, kwa maneno ya muuzaji. Mpwa wangu aliwapokea kwa uso wa mtu aliyeletewa soda akitaka maziwa. Tukajenga kizimba cha mbao kilichoinuliwa juu ya ardhi, sakafu kavu, kwa kuwa unyevu na kinyesi huwaletea ugonjwa wa kuhara unaoua watoto wao haraka. Nilimkataza asiwashike masikio. Sungura hubebwa kwa mkono mmoja chini ya kifua na mwingine chini ya makalio, maana akipiga teke hewani anaweza kujivunja uti wa mgongo.

Wiki ya sita asubuhi, mmoja wa "majike" wale alikuwa amejing'oa manyoya ya tumbo na kutandika kiota. Ndani mlikuwa na watoto saba. Mimba ya sungura ni kama siku 31, kwa hiyo hesabu ilikuwa wazi. Yule mwingine tukampeleka kuhasiwa.

Jirani akaja na sufuria, kwa utani ambao haukuwa utani. Huku kwetu sungura ni kitoweo, na kwa mtoto aliyewapa majina lilikuwa jambo zito. Alikataa kula chakula cha jioni. Tukakubaliana: watoto wa sungura wanaweza kuuzwa, wazazi hawaguswi. Mkataba ule aliuandika kwenye daftari, nikatia sahihi.

Machi 2020 mpaka ulipofungwa kwa ajili ya korona, biashara yangu ililala. Sungura hawakujua lolote. Walikula nyasi za kando ya barabara, zisizopitia forodhani.

Mei 22, 2021, Nyiragongo ikalipuka. Siku zilizofuata ardhi ilitetemeka mfululizo, nyumba nyingi Rubavu zikapasuka. Dada yangu aliamua waende Musanze. Kwenye gari lililojaa magodoro na watu, mpwa wangu alipakata katoni ya sabuni yenye matundu. Dereva aliuliza kuna nini, akajibiwa, hakusema neno.

Jike alikufa mwaka 2023 na dume mwaka 2025, akiwa na miaka saba. Tulimzika chini ya mparachichi. Jioni ile mpwa wangu, sasa msichana wa miaka kumi na sita, alimpigia simu jirani yao wa zamani wa Brussels, kisha akaja nilipokaa.

"Mjomba, yule chinchila wangu bado yuko hai," akasema. "Wanasema amezeeka, anakula taratibu."