Merikani: Neno, Kitambaa na Biashara

Makala haya mafupi yanakusudia kuchunguza neno moja la kukopa, merikani. Kwa kawaida neno hili hufasiliwa kuwa ni kitambaa cha pamba kisichotiwa rangi. Fasili hiyo si kosa, lakini haitoshelezi.

Kihistoria, neno hili liliingia kwa njia ya bahari. Mwaka 1833 Seyyid Said alifanya mkataba wa biashara na Marekani, na mwaka 1837 Richard Waters wa Salem, Massachusetts, akaja Unguja kuwa konseli. Merikebu za Salem zilileta nguo nzito iliyosifiwa kwa uimara wake. Huko bara ilitumika kama fedha: ilipimwa kwa mkono, shuka, doti na jora, ikalipa wapagazi na ikatolewa hongo kwa watawala wa njiani.

Kisarufi, irabu ya mwanzo ya neno Amerika imedondoshwa, na nomino ikaingia katika ngeli ya N: merikani hii imechakaa. Lakini jambo kubwa zaidi liko katika maana. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 hadi 1865, viliivuruga biashara ya pamba, na nguo za Uingereza na Bombay zikashika nafasi. Jina halikuondoka. Nguo iliyofumwa Bombay nayo ikaitwa merikani. Jina la nchi lilikuwa limekwisha kuwa jina la aina ya nguo. Kwa hiyo mtafiti alikutapo neno hili katika hati za baadaye asiharakishe kudhani kwamba nguo yenyewe ilitoka Marekani.

Je, upande wa pili ulibaki na nini? Pembe za ndovu zilipelekwa Connecticut zikawa vibao vya piano, na mji wa Ivoryton ukapata jina lake kwa pembe hizo. Sandarusi nayo ikawa vanishi. Lakini piano haikuitwa Kiunguja. Pamba ililimwa na watumwa wa kusini mwa Marekani, na pembe zilibebwa mabegani mwa wapagazi, watumwa wakiwa miongoni mwao. Wote hao hawamo katika fasili yetu.

Hatuna budi, basi, kuwaomba watunzi wa kamusi waongeze japo sentensi moja ya asili ya neno hili. Wazee walioivaa merikani wanapungua, na neno lisilo na historia yake hubaki sauti tu.