Mvuvi na Vazi la Mpira

Igogo ni kata ya jiji la Mwanza, nayo i ukingoni mwa Ziwa Victoria. Mahali hapo vilima vya mawe vyashuka karibu na maji, na nyumba nyingi zimejengwa kati ya mawe hayo makubwa. Ziwa lenyewe lapita maziwa yote ya Afrika kwa ukubwa. Eneo lake ni kama kilomita za mraba 68,800, na nchi zinazoligawana ni tatu, Tanzania, Uganda na Kenya. Watu wengi wa kando yake hupata riziki kwa uvuvi. Wako wavuao kwa mitumbwi na nyavu, wakitafuta sangara, sato na dagaa. Tena wako wavuao kwa ndoana, wakisimama ukingoni au wakiingia majini hata magotini au kiunoni. Habari hizi zawahusu hao wa mwisho, hasa yule aanzaye kujifunza.

Mtu aingiaye majini hukutana na hatari za namna mbili. Namna ya kwanza huweza kuonekana au kupapaswa: shimo, tope, jiwe lenye utelezi, wimbi, mamba. Namna ya pili haionekani, nayo ni kichocho. Vazi zuri la mpira humkinga mtu na hatari ya pili, lakini halimkingi na ile ya kwanza. Pengine humzidishia, asipojua kulitumia. Kwa hiyo mvuvi hana budi kujifunza mambo mawili pamoja, kuchagua vazi na kutembea majini.

1. Hatari isiyoonekana

Ugonjwa wa kichocho huletwa na minyoo midogo ikaayo katika mishipa ya damu. Tabibu Mjerumani, jina lake Theodor Bilharz, aliigundua minyoo hiyo mjini Kairo mwaka 1851. Kando ya Ziwa Victoria kichocho kilicho kingi ni kile cha matumbo. Mayai ya minyoo hutoka mwilini mwa mgonjwa pamoja na choo kikubwa. Yakifika majini huanguliwa, na vijidudu vitokavyo humo huingia ndani ya konokono wa majini. Humo huongezeka sana, kisha hutoka kwa maelfu, vikaogelea kutafuta ngozi ya mtu. Vikiipata huipenya kwa muda wa dakika chache tu. Si lazima mtu anywe maji hayo, wala si lazima awe na jeraha; kusimama majini kwatosha.

Konokono hao hupenda mahali penye majani na maji yaliyotulia. Huonekana pia katika magugu maji, mmea uliotoka Amerika ya Kusini ukaingia katika ziwa hili mwishoni mwa miaka ya 1980. Tena vijidudu hutoka kwa wingi wakati wa jua kali, karibu na saa sita ya mchana, yaani saa zile zile ambazo watoto wengi hupenda kuoga.

Mgonjwa aweza asisikie lolote hapo kwanza. Baadaye tumbo humuuma na choo huwa na damu. Na miaka ikipita bila dawa, ini na bandama huvimba. Mtoto mwenye ugonjwa huu hupungukiwa damu, akawa mchovu darasani, na wenziwe hudhani ni mvivu. Dawa yake ipo, ni vidonge vya prazikwanteli, ambavyo hutolewa hospitalini na mara nyingine shuleni. Lakini dawa haimzuii mtu kuambukizwa tena akirudi majini.

2. Kuchagua vazi

Mavazi ya mpira ya kuingilia majini ni ya namna tatu. La kwanza ni gambuti, zifikazo chini ya magoti. Hizo zafaa kwa kutembea katika tope na maji ya kifundo cha mguu. La pili hufika mapajani. La tatu ni suruali nzima iliyoungana na viatu, nayo hufika kifuani na kushikwa mabegani kwa kanda. Kila moja lina mpaka wake: maji yakipita juu ya ukingo wa vazi, kinga imekwisha. Mwenye gambuti akiingia hata mapajani, ni sawa na mtu asiyevaa kitu, ila amejiongezea mzigo.

Yafaa pia kutazama kitu ambacho vazi limetengenezwa. Katika milima ya Kenya wako wavuao samaki aitwaye trauti kwa ndoana iliyovishwa manyoya ili ifanane na mdudu. Mayai ya samaki hao yaliletwa kutoka Uskoti mwaka 1905, na watoto wao wakatiwa katika mto Gura, milima ya Aberdare. Maji ya huko ni ya baridi, kwa hiyo vazi zito lenye kuhifadhi joto lapendeza. Mvuvi wa Mwanza akinunua vazi la namna hiyo atatoka jasho jingi na kuchoka kabla hajapata samaki. Kwake yeye yafaa vazi jepesi.

Kabla ya kununua, mvuvi alivae na kulijaribu. Achuchumae, kisha ainue mguu kama apandaye jiwe. Likimbana, hataweza kujiokoa. Likimzidi sana, litamkwaza. Kisha atafute matundu. Aingie nalo katika chumba chenye giza, aweke tochi ndani ya vazi, na kutazama kila mahali nuru ipenyapo. Hata tundu dogo huingiza maji, na maji hayo huingia pamoja na vijidudu.

Mwisho atazame soli. Mpira laini usio na mistari huteleza vibaya juu ya mawe yenye ukungu wa kijani. Soli yenye meno marefu hushika vizuri katika tope na mchanga. Juu ya mawe, soli yenye misumari mifupi hushika zaidi.

3. Kutembea majini

Wahenga walisema, Maji usiyoyafika hujui wingi wake. Basi mvuvi asiingie majini bila fimbo imara, ndefu kama kimo cha kifua chake. Hiyo ndiyo macho yake chini ya maji. Kwanza huitia mbele na kupima kina. Kisha huburuta mguu mmoja taratibu bila kuuinua juu. Mguu huo ukiisha kusimama vyema, ndipo huuleta wa pili. Hivyo siku zote huwa na vitu viwili vimeshika chini, huku kimoja kikisogea. Asivuke miguu yake kama achezaye ngoma. Wimbi lijapo, asimame ubavu kuliko kulikabili kwa kifua kizima, maana ubavu ni mwembamba, nalo lina nafasi ndogo ya kumsukuma.

Vazi la kifuani lafungwa mkanda kiunoni kwa nguvu. Watu wengi husema ya kuwa vazi likijaa maji humvuta mtu chini kama jiwe. Si kweli hasa. Maji yaliyo ndani ya vazi si mazito kuliko maji yaliyo nje, kwa hiyo hayamzamishi. Lakini huifanya miguu iwe mizito kusogea, na mtu akitaka kutoka, hapo maji huwa mzigo kweli, kwa sababu sasa ayainua hewani. Mwenye hofu hupigapiga maji, akachoka, na uchovu ndio umzamishao. Mkanda huzuia maji yasishuke upesi miguuni, na kubakiza hewa kidogo ndani.

Aangukaye afanye hivi: alale chali, akunje magoti, apige maji kwa mikono polepole kuelekea ukingoni. Akifika penye kina kifupi asisimame mara moja, bali atambae, aketi, na kuinua miguu ili maji yatoke. Mwenye kuvaa koti la kuelea yu salama zaidi kuliko mwenye kutegemea mikono yake peke yake. Wala haifai kuingia majini bila mwenzi aliye nchi kavu mwenye kamba.

Kuna mambo ambayo vazi lolote haliwezi kuyazuia. Mamba hujificha chini ya maji karibu na mahali watu na wanyama wazoeapo kushuka. Kwa hiyo wenyeji waulizwe kwanza, na penye habari ya mamba pasiingiwe kabisa. Kiboko hupanda nchi kavu usiku kula majani na kurudi alfajiri. Ni hatari kusimama kati yake na maji. Ngurumo ikisikika, mvuvi atoke majini papo hapo na kuweka chini ufito wake, hasa ukiwa wa kaboni, kwa kuwa kaboni hupitisha umeme.

4. Baada ya kuvua

Vazi lioshwe kwa maji safi, likatundikwe kivulini miguu juu, kwa maana jua kali hupasua mpira. Mikono iliyolowa ikaushwe upesi. Lakini kujifuta si kinga ya kutegemewa. Mtu aliyegusa maji ya ziwa mara nyingi aende hospitali kupimwa, hata kama hana maumivu.

Vazi la mpira lina bei, na si kila mtu aweza kulipata. Asiye nalo hana haja ya kuingia majini. Mawe ya ukingo ni mengi, na ndoana yaweza kutupwa kutoka juu ya jiwe kavu. Tena lipo jambo moja lisilohitaji fedha nyingi, nalo hukinga watu wengi kuliko vazi la mtu mmoja: kila mtu atumie choo, asiende haja ukingoni wala majini. Mayai ya minyoo yasipofika ziwani, konokono hawana cha kupokea wala cha kutoa.

Maswali

1. Hatari za namna mbili ni zipi, na vazi la mpira hukinga ipi?
2. Kwa nini mwenye gambuti hafai kuingia majini hata mapajani?
3. Eleza safari ya minyoo ya kichocho kutoka kwa mgonjwa hata kwa mtu mwingine.
4. Je, ni kweli ya kuwa vazi lililojaa maji humzamisha mtu? Toa sababu.
5. Mtu asiye na vazi aweza kufanya nini ili avue kwa usalama?