Tundu Dogo Si Upasuaji Mdogo: Bega, Hatari Adimu na Safari ya Kurudi Mwaya

Mvuvi wa Mwaya anayevuta nyavu ufukweni mwa Ziwa Nyasa, mkulima anayebeba gunia la mpunga wa Kyela na kijana wa bodaboda aliyeanguka kwenye utelezi wote wanakitegemea kiungo kimoja: bega. Hakuna kiungo kikubwa mwilini kinachogeuka huku na huku kama bega, na hakuna kinachoteguka mara nyingi kama hilo. Kichwa cha mfupa wa mkono kimeegemea kitako chembamba kama chungwa juu ya kisosi. Kinachokizuia kisitoke ni misuli, kano na ukingo wa tishu ngumu unaozunguka kitako hicho. Vikichanika, mara nyingi mazoezi ya tiba hutosha. Yasipotosha, daktari bingwa wa mifupa anaweza kushauri upasuaji wa matundu madogo.

Mbinu hii ina zaidi ya miaka 100. Mwaka 1918 huko Tokyo, Kenji Takagi aliingiza darubini ya kuchunguzia kibofu ndani ya goti la maiti. Mwaka 1931 Michael Burman wa New York alieleza jinsi alivyochungulia viungo mbalimbali vya maiti, bega likiwemo. Leo upasuaji wa aina hii wa magoti na mabega unafanyika Tanzania, katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, iliyoanzishwa kwa sheria mwaka 1996. Kamera nyembamba huingia kupitia tundu lisilozidi sentimita 1, vifaa hupita tundu jingine, na maji ya chumvi husukumwa ndani ili bega litanuke na daktari aone vizuri.

Wagonjwa wengi hupona bila tatizo kubwa. Maambukizi ndani ya kiungo, kwa mfano, huwapata chini ya mgonjwa 1 kati ya 100. Lakini mgonjwa anayeishi mbali na hospitali iliyomhudumia anapaswa kuzijua hata hatari zilizo adimu, kwa sababu baadhi hujitokeza akiwa ameshafika nyumbani.

Mezani

Mara nyingi mgonjwa hupasuliwa akiwa ameketi nusu wima, na hapo ubongo huwa juu ya moyo. Kila sentimita 10 za kimo hupunguza shinikizo la damu kwa takriban milimita 8 za zebaki. Kipimo kilichofungwa mkononi kinaweza kuonyesha shinikizo la kuridhisha huku kichwani likiwa chini kwa karibu milimita 20. Mwaka 2005 madaktari Pohl na Cullen walichapisha taarifa ya wagonjwa 4 walioumia ubongo au uti wa mgongo baada ya upasuaji wa bega katika mkao wa wima. Tangu hapo tahadhari ya kukokotoa tofauti hiyo, na kutoliacha shinikizo lishuke mno, imetiliwa mkazo zaidi miongoni mwa madaktari wa usingizi.

Mgonjwa akilazwa ubavu, mkono wake huvutwa kwa uzito, na mishipa ya fahamu inaweza kunyooshwa kupita kiasi. Ganzi au udhaifu unaotokana na hali hiyo mara nyingi huisha wenyewe baada ya wiki au miezi. Nayo maji ya chumvi, upasuaji ukirefuka, huweza kuvuja hadi shingoni na kubana njia ya hewa.

Saa za kwanza

Ili kupunguza maumivu, dawa ya ganzi huchomwa shingoni, karibu na mishipa ya fahamu inayokwenda mkononi. Jirani yake upo mshipa unaoendesha kiwambo cha upumuaji, na mara nyingi nao hufa ganzi kwa muda upande huo. Mtu mwenye mapafu mazima huenda asihisi chochote. Mwenye pumu kali au aliyeharibiwa mapafu na kifua kikuu anaweza kuhema kwa shida, hivyo amwambie daktari wa usingizi historia yake mapema. Ni nadra zaidi sindano kutoboa utando wa pafu na hewa ikajaa kifuani.

Barabarani

Kutoka Dar es Salaam hadi Kyela ni zaidi ya kilomita 900, kupitia Mbeya na Tukuyu, kisha mgonjwa atafute usafiri wa kufika Mwaya. Kukaa kwenye kiti cha basi saa nyingi baada ya upasuaji huongeza uwezekano wa damu kuganda mguuni au mkononi. Donge hilo likisafiri hadi mapafuni, linaweza kuua. Muulize daktari siku gani unaweza kusafiri. Njiani kunywa maji, chezesha vifundo vya miguu, na basi likisimama shuka utembee.

Wiki na miezi baadaye

Katika vinyweleo vyenye mafuta vya ngozi ya bega huishi bakteria aitwaye *Cutibacterium acnes*. Akiingia ndani hukua polepole, mara nyingi bila homa wala usaha. Dalili pekee yaweza kuwa maumivu na ukakamavu usioisha. Sampuli ya maabara hulazimika kutunzwa hadi siku 14 ndipo aonekane. Ikitupwa baada ya siku chache, majibu yanaweza kusema hakuna maambukizi.

Hatari nyingine ni gegedu kuyeyuka. Mwezi Novemba 2009 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo baada ya kupokea taarifa 35 za wagonjwa waliopoteza gegedu, karibu wote la bega, kufuatia dawa ya ganzi kutiririshwa ndani ya kiungo kwa siku 2 au 3. Zaidi ya nusu walihitaji upasuaji mwingine. Njia hiyo sasa haishauriwi.

Ndugu msomaji, ukiruhusiwa kutoka wodini usiondoke bila karatasi inayotaja upasuaji uliofanyiwa, dawa ulizopewa na namba ya simu ya kitengo. Ukihema kwa shida, ukiumwa kifua, mguu au mkono ukivimba, uso ukipinda, au kidonda kikitoa majimaji, nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo na karatasi yako mkononi. Usisubiri tarehe ya kliniki. Nazo hospitali zetu ziziandike dalili hizi kwa Kiswahili chepesi, ili mhudumu wa zahanati ya kijijini azielewe kama daktari bingwa. Tatizo adimu likitambuliwa mapema, mara nyingi hutibika.