Picha ya Maneno Ilivyofifia Katika Riwaya ya Kifaransa

Mwaka 1659 picha ya maneno, yaani kumchora mtu sura na tabia kwa maandishi, ilikuwa imepamba moto Ufaransa. Mademoiselle de Montpensier, binamu wa mfalme Louis XIV, alitoa kitabu kizima cha picha hizo, kilichopigwa chapa kwa nakala chache za kugawiana na watu wake. Mwandishi La Rochefoucauld naye akajichora mwenyewe mwaka huohuo. Alipofika kwenye kidevu, akakumbuka kwamba zamani aliambiwa kimezidi kidogo. Akakipapasa, akaenda kujitazama kiooni, na bado hakuweza kuamua. Nakipenda sana kidevu kile, maana hapo mtu anakiri kwamba hata uso wake hana hakika nao.

Lakini mwaka huo ndipo mwandishi Charles Sorel alipotunga safari ya kisiwa ambacho wakazi wake kazi yao ni kuchorana, na mtunzi wa tamthilia Molière akaurushia mtindo huo kijembe jukwaani. Wengi husema kejeli ndiyo iliyouua. Mimi naona kejeli ilikikuta kitu ambacho tayari kinaumwa.

Ugonjwa wenyewe ni kwamba picha hizi zilikuwa mali ya baraza, za watu waliojuana. Madeleine de Scudéry alikusanya rafiki zake kila Jumamosi, mtaani Marais jijini Paris, na riwaya yake *Artamène ou le Grand Cyrus*, majuzuu 10 yaliyotoka kati ya 1649 na 1653, ilisomwa na watu waliojitafuta ndani yake. Cyrus alikuwa jemadari Condé. Mandane alikuwa dada yake Condé, Madame de Longueville. Kila picha ilishika njia ileile: kimo, nywele, rangi ya ngozi, macho, mdomo, mikono, kisha akili, kisha moyo. Katika juzuu la mwisho Scudéry alijichora kwa jina la Sapho. Anakubali kwamba si mrefu, wala ngozi yake si nyeupe sana. Halafu anafika kwenye macho, na hapo hajinyimi sifa. Waliozoea kuketi naye walijua uzito wa kila neno. Msomaji wa mbali, asiyemjua yeyote, alibaki na macho mazuri yaleyale, kurasa kwa kurasa. Tena picha ilikuja nzima mara mhusika anapoingia, hadithi ikasimama kuisubiri, na mambo yote yaliyofuata hayakubadili hata mstari wake mmoja.

Mwandishi Madame de Lafayette aliijua kazi hii kwa mikono yake, kwani mwaka 1659 alikuwa amemchora rafiki yake Madame de Sévigné. Lakini *La Princesse de Clèves* ya 1678 inaanza na msururu wa watu wa ikulu, kila mmoja mzuri kupita kiasi, na ukifunga ukurasa huwezi kumtofautisha mmoja na mwingine kwa sura. Mhusika mkuu mwenyewe, Madame de Clèves, ni mweupe, mwenye nywele za dhahabu, basi. Tunamjua baadaye, siku Nemours, mwanamume anayempenda, anapoiba picha yake ndogo iliyokuwa mali ya mumewe. Madame de Clèves anamwona mwizi kupitia pazia lililofungwa nusu. Akiidai mbele ya watu, atafichua mapenzi ya mwizi. Akiidai faraghani, atamfungulia mlango wa kuyatamka. Ananyamaza, na kile kimya kinasema mengi kuliko kurasa 20 za sifa.

Riwaya ilifaidika, silikatai hilo. Lakini Sapho, aliyekataa kuolewa, alipewa nafasi ya kuelezwa akili yake kabla mwanamume yeyote hajamsumbua. Madame de Clèves hatumjui ila anaposumbuliwa. Hasara hiyo naiona kubwa, na sioni kama imepewa uzito unaostahili.

Baadaye mwandishi Marivaux alijaribu kuirudisha picha katika *La Vie de Marianne*, iliyotoka kwa sehemu kati ya 1731 na 1742. Marianne, anayesimulia, anataka kuwachora wanawake wawili waliomtendea wema. Anaandika, anaongeza, anarudi nyuma, na anakiri kwamba mtu haelezeki akaisha. Riwaya yenyewe Marivaux hakuimaliza.